Dadu, karata au hesabu tupu? Maswali tunayoulizwa mara kwa mara kuhusu bahati katika michezo ya vita

Kila Jumamosi alasiri tunakutana chini ya mwembe katika lupango moja hapa Kamalondo, Lubumbashi. Kwa msomaji wa mbali, lupango ni kiwanja chenye nyumba na uzio wake. Tunacheza michezo ya mikakati: ya ubao, ya karata, na ya kompyuta siku ambazo moto, yaani umeme, haujakatika. Kila mgeni anauliza yale yale aliyouliza mgeni wa wiki iliyopita, mara nyingi akiwa bado ameshika mkononi dadu iliyomwangusha. Nimechoka kujibu huku zamu yangu ikinipita, ndiyo maana nimeandika. Majibu ni yangu. Wenzangu wawili hawakubaliani nami kuhusu karata, na nitakapofika hapo nitawapa haki yao.

Jambo moja kabla ya yote: tunaongelea vita vya ubaoni. Vita vya kweli, ndugu zetu wa Kivu wanavijua, na chini ya mwembe huo hakuna anayevifanyia utani.

"Bahati" na "kutabirika" maana yake nini hasa?

Chukua vikosi viwili vinavyokutana. Katika mchezo unaotabirika, hata kabla hujasogeza kete unajua kitakachotokea: mwenye nguvu 5 anamla mwenye nguvu 3, kwisha. Katika mchezo wa bahati unajua uwezekano tu. Jibu utalipata dadu ikitulia.

Katikati ya hayo mawili kuna uwanja mpana, na michezo mingi mizuri inakaa humo. Advance Wars ya mwaka 2001 hukokotoa madhara kwa fomula, kisha huongeza kidogo cha bahati, kati ya 0 na 9 katika mia. Hicho kidogo hakiwezi kumfanya askari wa miguu aangushe kifaru kizima. Lakini adui uliyehesabu kwamba atabaki na pumzi moja anaweza kufa, na mpango wako wa zamu nzima ukageuka.

Vita si akili? Dadu inatafuta nini humo?

Wanaouliza hivi ni wachezaji wa dame, ambayo wenzetu wa Dar huita drafti, na huuliza kwa dharau kidogo.

Dadu ililetwa na wanajeshi. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimtengenezea mfalme wa Prussia mchezo wa vita wa mezani. Mwanawe, ofisa wa mizinga, aliutoa upya mwaka 1824 ukiwa na ramani za kweli, mwamuzi, na dadu za kuamua risasi zimeangusha wangapi. Ukifikiri, ni haki: kikosi kile kile, kilima kile kile, leo risasi zinapata, kesho baruti imelowa. Halafu mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akaja na njia yake: majedwali na dadu vikae pembeni, mwamuzi mwenye uzoefu aseme mwenyewe nani kashinda. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910. Kwa hiyo ubishi wetu wa kila Jumamosi ni mkubwa wa mji kwa umri.

Kisolo na dame havina dadu, na vina utamu. Kwa nini msicheze hivyo tu?

Tunavicheza. Muzee jirani yetu anacheza kisolo kwa kasi ambayo macho yangu hayaiwezi: safu nne za mashimo, mbegu mkononi, anapanda, anaokota, anapanda tena, na wakati mimi bado nahesabu shimo la tatu yeye keshamaliza na ananiangalia. Hakuna kilichofichwa. Hakuna bahati hata chembe. Lakini mwulize mtu anayejifunza kama anaona kitakachotokea baada ya mizunguko miwili ya mbegu zake mwenyewe. Haoni.

Hapo ndipo watu wanapochanganya mambo mawili. Mchezo unaweza kuwa hauna bahati yoyote na bado usitabirike kwa kichwa cha binadamu, kwa sababu hesabu inakimbia kuliko akili. Bao la pwani, la kete 64, ni hivyo hivyo. Dame nayo ilikuwa hivyo hadi kompyuta zilipoingia: mwaka 2007 kundi la Jonathan Schaeffer la Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, lilithibitisha kwamba kwenye ubao wa miraba 64, kwa kanuni za Kiingereza, wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare daima. Ile ya miraba 100 bado haijamalizwa namna hiyo, kwa hiyo endeleeni kupigana.

Kuna gharama moja tu inayonisumbua katika michezo ya aina hii. Muzee amenifunga kisolo miaka minne. Sijawahi kumfunga. Najua nitakufa sijamfunga.

Kompyuta imeniandikia kwamba risasi itapata kwa asilimia 95 na nimekosa. Huo si wizi?

Swali hili ndilo baba wa yote, na jibu langu ni hapana.

Asilimia 95 inasema kwamba katika risasi 20 za namna hiyo, moja itapotea kwa wastani. Ukipiga hizo 20, uwezekano wa kukosa angalau mara moja ni kama asilimia 64. Ukipiga 60 kwa jioni moja, tegemea kukosa tatu. XCOM: Enemy Unknown, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2012, ilijipatia jina baya dunia nzima kwa ajili ya risasi hizo tatu, na zile 57 zilizopata hakuna anayezitaja. Nani anakumbuka risasi iliyofanya kilichotarajiwa?

Kijana mmoja wa mtaa wa Katuba aliapa mbele yetu kwamba kompyuta yetu "inamchukia". Tulimpa karatasi na kalamu. Kila risasi iliyoandikwa asilimia 80 au zaidi, aweke alama: imepata, imekosa. Jumamosi ya tatu tulihesabu alama 112. Zilizokosa zilikuwa 13. Aliikunja karatasi akaitia mfukoni, na hadi leo ukimwuliza atakwambia zilikuwa kama 30.

Ndugu yake swali hili ni lile la "nimekosa mara tatu, ya nne lazima ipate". Pale kwetu wanasema *dadu ina deni langu*. Dadu haina daftari la madeni. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, gurudumu lilitua kwenye rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na watu walipoteza fedha nyingi wakiwekea nyekundu kwa sababu "zamu yake imefika". Gurudumu halikujua kwamba kuna zamu.

Basi hakuna mchezo unaodanganya?

Ipo inayodanganya, ila hudanganya kwa kukupendelea.

Fire Emblem, tangu toleo lake la mwaka 2002, ilianza kuchukua namba mbili za nasibu na kutumia wastani wake badala ya namba moja. Matokeo yake: ukisoma 90 kwenye skrini, ukweli wake ni kama 98. Ukisoma 75, ni karibu 88. Na zile ndogo zinashuka vilevile, adui mwenye 25 anakupata kama mara 13 tu kati ya 100. XCOM nayo, katika ngazi rahisi, inakuongezea kimyakimya ukiwa umekosa mfululizo.

Sid Meier, baba wa Civilization, alilieleza jambo hili mwaka 2010 katika hotuba kwa watengenezaji wa michezo. Wachezaji wakioneshwa nguvu 2 dhidi ya 1 wanakubali kwamba wakati mwingine watashindwa. Waoneshe 20 dhidi ya 10, uwiano ule ule, na wakishindwa wanakasirika, kwa sababu kumi zaidi *zinaonekana* nyingi. Ikabidi waikunje hesabu ifuate moyo wa mchezaji. Alichosema kinanifurahisha na kunikera kwa pamoja.

Kuna njia ya tatu, ambayo mimi naisamehe. Katika Warcraft III ya mwaka 2002, na baadaye Dota 2, uwezo ulioandikwa kwamba hutokea mara 25 katika mia huanza na nafasi ya kama 8.5 tu, usipotokea, nafasi inapanda kwa kiasi hicho hicho, na ukitokea inarudi mwanzo. Wastani unabaki 25, ila misururu mirefu ya bahati nzuri au mbaya inakatwa. Hapo kweli dadu ina deni lako!

Kuhusu Fire Emblem, hapana. Namba ikiandikwa, iwe ile. Mtu akijifunza kusoma 90 kama "hakika", siku akicheza mchezo mkweli atakuja kunililia chini ya mwembe. Nusu ya wanaonililia wametokea huko.

Nikirudisha mchezo niliouhifadhi, nitapata jibu lingine?

Inategemea. Kompyuta haitupi dadu. Inaanza na namba moja, ambayo watunga programu huiita mbegu, na kutoka humo inatoa mfululizo unaoonekana wa ovyo. XCOM ya 2012 ilihifadhi mbegu pamoja na mchezo. Ukirudisha na kupiga risasi ile ile, utakosa tena vilevile. Badilisha mpangilio, mtangulize askari mwingine, na namba iliyokuwa mbaya itamwangukia yeye. Tunaruhusu kwa anayejifunza. Kwa mchezo wa watu wawili ukifanya hivyo utarudi nyumbani mapema.

Katika Risk, nani ana faida: anayeshambulia au anayelinda?

Risk, mchezo wa ubao wa kuteka nchi kwa majeshi, ni ya Albert Lamorisse, Mfaransa, aliyeitoa mwaka 1957, na hadi leo ndiyo wengi wetu huku tuliyoanza nayo, kwenye masanduku ya zamani yenye kete pungufu. Anayeshambulia anatupa dadu hadi tatu, anayelinda hadi mbili, kubwa kwa kubwa, na sare ni ya mlinzi.

Tatu dhidi ya mbili: anayeshambulia anaondoa wawili kwa asilimia 37.2, anapoteza wawili kwa 29.3, na kila mmoja anapoteza mmoja kwa 33.6. Kwa hiyo jeshi kubwa likishambulia jeshi kubwa, faida ni ya anayeshambulia. Moja dhidi ya moja mambo yanageuka: mlinzi anashinda asilimia 58. Watu wanaolia kwamba Risk ni bahati tupu, wengi wao nimewaona wakishambulia kwa askari wao wa mwisho. Tena kwa hasira.

Mnasema "bahati ya kabla" na "bahati ya baada". Ndiyo nini?

Hili ndilo ningependa kila mgeni alielewe, hata akisahau mengine yote.

Bahati ya kabla inakuja kisha wewe unaamua. Unafungua ramani, ni mpya. Unaokota karata tano, ni hizo. Adui ametokea kushoto. Ni kama mawingu ya Novemba hapa kwetu: hukuyaleta wewe, lakini unayaona, na kuanika mahindi au kutoanika ni uamuzi wako. Yakilowa, umelowesha mwenyewe.

Bahati ya baada inakuja ukiwa umeshaamua. Umefikiri dakika tano, umekizungusha kikosi nyuma ya kilima, umefanya kila kitu sawasawa, kisha dadu inakwambia hapana. Hakuna tena la kufanya ila kutazama.

Mchezo ninaoutolea mfano ni Into the Breach wa mwaka 2018. Ubao wake ni wa miraba 8 kwa 8 tu. Kila zamu wadudu, adui zako, wanatangaza watapiga wapi, mishale inachorwa chini, halafu ni zamu yako. Ukisukuma mdudu hatua moja, kipigo chake kinaenda na mwelekeo ule ule na pengine kinamwangukia mwenzake. Unachofanya wewe kinatokea kama ulivyokiona, bila asilimia. Bahati yote imekaa kabla: wametokea wapi, wamechagua nini. Baada ya uamuzi imebaki bahati moja, jengo lako kunusurika kwa nafasi inayoanzia asilimia 15, na hiyo inaweza kukusaidia tu, kukuumiza haiwezi. Nimepoteza mchezo huo mara nyingi na sijawahi kupata mtu wa kumlaumu. Inachosha, kusema kweli. Wakati mwingine mtu anahitaji dadu ya kulaumu.

Na usisahau kwamba kutokuwa na dadu hakuondoi mashaka. Stratego haina dadu: kila upande una kete 40 zilizogeuziwa mgongo, mkubwa anamla mdogo bila mjadala, ila hujui mkubwa ni yupi. Diplomacy, aliyoitoa Allan Calhamer mwaka 1959, haina dadu wala karata. Kila mtu anaandika amri zake kwa siri, zinasomwa pamoja, na penye msaada mwingi ndipo penye ushindi. Hesabu yake mtoto anaiweza. Kisichohesabika ni rafiki yako aliyekuahidi msaada jikoni dakika kumi zilizopita. Tuliicheza mara moja, watu saba. Wawili hawakusalimiana hadi Pasaka.

Mchezo wenu wenyewe ulianza na dadu ukaishia karata. Kulitokea nini?

Ramani yetu ni ya nchi isiyokuwepo: mito miwili, miji tisa, imechorwa kwenye katoni la friji. Toleo la kwanza lilikuwa na kanuni moja ya vita: kila mtu anatupa dadu moja, anajumlisha nguvu za kikosi chake, mkubwa anashinda, sare ni ya mlinzi. Tuliona ni safi. Hatukukaa kuhesabu kwamba kikosi cha 6 kikimshambulia wa 3, maradufu yake, hushindwa mara moja kati ya sita.

Ikafika jioni hiyo. Saa tatu za mchezo. Kijana mmoja ana kikosi cha 6, mbele yake muzee (yule yule wa kisolo) ana 3 katika mji wa mwisho. Sahani za bukari (ugali) bado zilikuwa mezani kwa sababu hakuna aliyetaka kusimama. Muzee anatupa: 5, jumla 8. Kijana anatikisa, anatupa, dadu inaruka, inaingia kwenye sahani, inaegemea mfupa wa samaki. Juu: 1.

"Muzee, ile haihesabu! Imeegemea!"

"Mwana wangu, ingekuwa 6, ingehesabu?"

Kimya. Kisha muzee akacheka, akaokota dadu mwenyewe, akaifuta kwa kitambaa, akamrudishia. "Tupa tena."

Akatupa tena. 1.

Wiki iliyofuata kijana hakuja. Iliyofuata pia hakuja, na ndipo tukakaa kuongea. Ubaya haukuwa kwamba alishindwa. Ubaya ni kwamba saa tatu za uamuzi wake ziliwekwa juu ya uso mmoja wa dadu moja. Angekuwa amepigana vita kumi vidogo badala ya kimoja kikubwa, ile 1 ingezama katikati ya nyingine. Ndivyo ulivyo Wesnoth, mchezo wa kompyuta: askari wa mkuki anachoma mara tatu, kila mchomo una hesabu yake. Adui akiwa kwenye nyasi, nafasi ya kupata ni 60 katika mia, kwa hiyo kukosa yote matatu ni asilimia 6.4 na kupata yote ni 21.6. Mara nyingi utatua katikati, na mpango wako unaweza kusimama juu ya katikati hiyo.

Toleo la pili tuliondoa dadu kabisa. Mwenye nguvu zaidi anashinda. Ramani ikalala. Kila mtu aliona hesabu ya kila mtu, hakuna aliyeshambulia bila uhakika, na mlinzi aliongeza askari mmoja tu kuua uhakika huo. Mmoja wetu, mhasibu kwa kazi, alifikiri zamu moja dakika 12. Tulipima kwa simu. Nusu saa ya kwanza ikipita ulikuwa unajua nani kashinda, na ulilazimika kukaa saa mbili zaidi kushuhudia.

Toleo la tatu ndilo tunalo. Kila mchezaji ana karata sita, 1 hadi 6. Vita vikija, wote wawili wanachagua moja kwa siri, wanazifunua pamoja, wanajumlisha na nguvu. Karata iliyotumika inalala wazi mezani hadi zote zimekwisha, ndipo unaziokota upya. Angalia kilichotokea: ni dadu ile ile, uso kwa uso, ila hairudii. Kila mtu atapata 1 yake na 6 yake. Swali limekuwa *lini*. Na mashaka yamehama kutoka kwenye kipande cha plastiki kuingia kichwani mwa jirani yako. Je, atatumia 6 kwa mji huu mdogo? Anajua kwamba mimi najua kwamba amebakiwa na 2 na 5?

Wenzangu wawili wanapinga. Wanasema karata zinampendelea mwenye kumbukumbu na mwenye kusoma nyuso, na kwamba dadu angalau haikuangalii usoni. Ni kweli. Walinionesha pia tundu ambalo sikuliona: ukibaki na karata moja, kila mtu anaijua. Nilishambuliwa mara tatu jioni moja, kila mara nikiwa nimebaki na 1 peke yake. Sasa ukibaki na moja unaitupa na kuokota zote sita. Kijana wa mfupa wa samaki amerudi, na karata hazimpendi sana nazo.

Bahati si inamfaa asiyejua tu?

Inampa nafasi, na nafasi si sawa na ushindi. Angalia mpira. Mabao ni machache, kwa hiyo jambo moja linaweza kubeba mechi nzima, kama dadu yetu ya kwanza. Desemba 2010, Abu Dhabi, Mazembe, klabu ya mji wetu, ilimfunga Internacional ya Brazili 2-0 katika Kombe la Dunia la Vilabu, kipa wetu Kidiaba akarukaruka kwa makalio, na mji huu haukulala. Siku chache baadaye, fainali: Inter ya Milano ikatufunga 3-0. Ingekuwa ni mpira wa kikapu, wenye mitupo mia, sidhani kama usiku ule wa kwanza ungekuwepo. Mimi sitaki mchezo ambao usiku ule hauwezekani.

Dadu zenu zina haki?

Tatu zina haki. Nyekundu, hapana.

Zilinunuliwa pamoja na ludo sokoni Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi). Ukitaka kupima yako, itupe mara 600 na uandike. Kila uso unatarajiwa mara 100, na kupishana kwa kumi au hata kumi na tano juu au chini ni kawaida. Nyekundu ilitoa 6 mara 131. Ukiwa mvivu wa kutupa, koroga chumvi nyingi kwenye glasi ya maji hadi dadu ya plastiki ielee, iguse izunguke, rudia. Ikipanda na uso ule ule kila mara, ndani yake kuna upande mzito. Nyekundu ilipanda na 6 mara tisa kati ya kumi.

Kompyuta yangu ni ya zamani. Nianze na mchezo gani?

The Battle for Wesnoth. Ni bure, David White aliuanzisha mwaka 2003, na unakwenda kwenye mashine ambazo michezo mingine inazikataa. Kabla ya kila shambulio unaweza kufungua dirisha la uwezekano, na kuna jedwali linalokuonesha madhara uliyotarajia na uliyopata, dawa nzuri kwa wanaodhani wanachukiwa. Wachawi wake wanapata kwa asilimia 70 popote adui alipojificha. Ukichoka na bahati, nunua hao. Hifadhi mara kwa mara. Huku moto ukikatika hauagi.

Mtoto wa miaka tisa aanze na bahati au bila bahati?

Na bahati, ili akufunge mapema. Kisolo atafundishwa na muzee.

Naweza kuja Jumamosi?

Karibu, kuanzia saa nane mchana. Kiti uje nacho mwenyewe. Sahani tunaziondoa kabla ya vita siku hizi, na dadu tunatupa ndani ya kopo tupu la nyanya. Iliyoegemea inatupwa tena, iwe 1 au 6. Nyekundu ipo kwenye dirisha, usiiguse. Muzee anaitumia kwa wageni.